Kichupa Kilichofunguliwa Kingali Baridi

Bi Mkemia hakuwa mtu wa kupendeka, na nasema hivi mapema ili msomaji asikae akingojea sifa. Alikuwa mkali, mwepesi wa kukumbuka makosa na mzito wa kukumbuka fadhila. Miaka tisa nilifanya kazi chini yake katika maabara ndogo ya kupima dawa kule Mbaraki, Mombasa, ghorofa ya pili juu ya ghala, na sidhani kama alinisifu mara tatu. Nilimwogopa. Kuna vipindi nilimchukia. Na mara moja nilimdanganya, jambo ambalo lingeweza kudhuru watu nisiowajua, kisha nikakaa nalo miaka miwili.

Nieleze kwanza kazi yetu, maana huyu mama na kazi yake havitenganishwi. Dawa ikishuka bandarini, kabla haijaenda madukani na zahanati, mwenye mzigo hutuletea masanduku machache tupime. Tuseme ni vidonge vya parasetamoli, hivi vya homa na maumivu ambavyo kila nyumba inavyo kwenye droo. Kidonge kimeandikwa kina miligramu mia tano. Nani ajuaye? Mashine haijui, mashine hulinganisha tu. Kwa hiyo huwa tuna unga mweupe, kiasi cha kijiko cha chai, kwenye kichupa cha kioo cha rangi ya kahawia, ulioletwa na cheti kinachosema usafi wake ni kadha wa kadha. Huo tunauita standadi. Unapima standadi, unapima kidonge, unaangalia kimoja kikisimama kando ya kingine. Standadi ikiwa nzima, jibu ni la kweli. Ikiharibika, maabara nzima inabaki kuwa watu waliovaa makoti meupe.

Kichupa hicho hukaa kwenye friji, na hapo ndipo shida ya Mombasa inapoanzia. Kila mtu wa kisiwani ameona soda ikitolewa kwenye friji inavyotokwa na jasho. Standadi nayo ni vivyo hivyo. Ukikifungua kichupa kingali baridi, hewa yetu huingia na maji yake, unga ukayanywa. Hapo utapima maji ukidhani unapima dawa, standadi itaonekana dhaifu, na kidonge kibovu kikisimama kando yake kitaonekana kizima. Ndiyo maana kichupa kikitoka kwenye friji huwekwa, kimefungwa, ndani ya mtungi wa kioo wenye punje za kunyonya unyevu, mpaka kipate joto la chumba. Kitabu kinasema nusu saa. Bi Mkemia hakuiamini saa ya ukutani. Alikitoa kichupa, akakiweka shavuni karibu na sikio, akafumba macho.

"Baridi yaita mayi," alikuwa akisema, mayi yaani maji. "Ngojea."

Kungoja kwenyewe kulikuwa adhabu. Hakunywa chai, hakushika simu, hakutuacha tufanye kazi nyingine. Aliketi kwenye stuli mikono imelala mapajani, buibui chini ya koti, akitazama mtungi. Wageni waliodhani anaswali walirudi nyuma kwa adabu. Mimi nilitoka bara nikiwa na shahada mpya na haraka zangu, na wiki ya kwanza nilimuuliza kama siwezi kuosha vyombo wakati tunangoja.

"Nyinyi watu wa bara," alinijibu bila kugeuka, "mwakimbilia n'ni? Gari la moshi lishaondoka."

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Neno lake lililoogopwa kuliko yote lilikuwa "Mwaga." Hakufoka. Angesimama nyuma yako, akaangalia mstari mmoja wa daftari, akasema mwaga, na kazi ya tangu asubuhi ikaenda na maji ya sinki. Nilimwona mwanamume mzima, baba wa watoto wanne, akimwaga huku machozi yanamlengalenga. Mimi alinimwagisha mara kumi na moja katika mwaka wa kwanza. Nilizihesabu. Ya mwisho ilikuwa kwa sababu niliandika saa ya kuanza kwa kukisia badala ya kuangalia, nikakosea kwa dakika nne, na nikakiri mwenyewe. Nilitegemea kukiri kungenipunguzia. Haikunipunguzia chochote, na nadhani siku ile ndipo nilipojifunza somo ambalo hakukusudia kunifunza.

Basi huyo ndiye mtu ambaye nyumbani kwake Kuze hapakuwa na kipimo cha aina yoyote. Alipika kwa kiganja. Nazi aliikamua akaonja kwa ncha ya ulimi, bizari aliitupa kwa vidole, na nilipomuuliza kiasi cha hiliki kwenye mahamri yake alinitazama kama nimemtukana. Hakumeza kidonge. Kichwa kikimuuma alijifunga leso, akajipaka mafuta ya karafuu kwenye kipaji, akavumilia. "Navijua mno," alisema kuhusu vidonge, na hatukujua kama ni mzaha.

Na alikuwa mwongo, niseme ukweli. Aliwaambia wageni ameshakula naye ana njaa. Alimsifu bibi harusi mbele ya mamake, akafika kazini akatuchekesha asubuhi nzima kwa jinsi hina ilivyomchuruzika hadi viwikoni. Umri wake aliutaja kila mwaka ukiwa ule ule. Siku moja nilimchokoza, nikamwambia mbona mkali wa ukweli naye anadanganya namna hii. Hakuona haya hata kidogo.

"Ulimi una rukhsa yake," alisema. "Kalamu haina."

Kalamu yake ilimgharimu. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, aliwahi kuleta mzigo wa dawa za kikohozi. Sanduku la sampuli lilifuatana na sahani ya halua iliyofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. Bi Mkemia aliipeleka halua kwa walinzi wa getini, akapima, mzigo ukaanguka kwenye kipimo, akauandika umeanguka. Mwezi huo huo kulikuwa na harusi katika ukoo. Sote tulimshauri asiende. Alikwenda, amevaa vizuri kupita kawaida yake, na wanawake wa upande ule wakampa mgongo tangu alipoingia hadi alipoondoka. Aliketi mbele. Alikula pilau, akaomba tena.

"Nalialikwa kula," alituambia Jumatatu. "Sikualikwa kupendwa."

Alisema hivyo akicheka.

Mamangu alipofariki, majirani na watu wa kanisa walikusanyika kwangu Ganjoni kwa maombi kabla ya kusafirisha mwili. Naishi ghorofa ya nne na lifti haipo. Mlango ukabishwa, na nilipofungua nikamkuta Bi Mkemia ameegemea ukuta, anahema, magoti yake mabovu yamemfikisha hapo, na mkononi sufuria ya mbaazi za nazi iliyofungwa kwa leso. Aliingia akaketi kati ya kwaya saa nzima, vitabu vya nyimbo vikifunguliwa huku na huku kwake. Wakati wa kuondoka alinishika mkono na viganja vyake viwili. Nikadhani sasa ataniambia neno la kunifariji.

"Pole, mwanangu. Warudi kazini lini?"

Nilikasirika, kisha nikacheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza katika siku tatu.

Sasa nifike mahali nilipokuwa nikipakwepa.

Ilikuwa masika, hewa nzito, na zile punje za kunyonya unyevu tulikuwa tukizibadilisha kila baada ya siku mbili. Bi Mkemia alikuwa Kuze msibani kwa jirani, angerudi baada ya adhuhuri. Mzigo uliokuwa ukingojewa ulikuwa parasetamoli ya zahanati za bara, ambako tuliambiwa imekwisha kabisa. Lori lilikuwa uani, injini inanguruma. Mkurugenzi wetu alipiga simu mara mbili. Nikakitoa kichupa cha standadi kwenye friji, nikakiweka kwenye mtungi, nikaketi kama nilivyofundishwa.

Dakika ya tano wakala wa forodha akapanda ngazi, akasimama mlangoni akitazama saa yake. Nilikitoa kichupa nikakishika. Kilikuwa baridi, baridi ya kuuma vidole, na nikakifungua.

Naomba nieleweke kwamba sikukosea kwa kutojua. Niliona ukungu mwembamba ukitanda ndani ya mdomo wa kichupa. Nilipouweka unga kwenye mizani, tarakimu ya mwisho haikutulia. Ilipanda, ikapanda tena, polepole, kwa sababu unga ulikuwa ukinywa maji mbele ya macho yangu. Nilichagua tarakimu moja nikaiandika. Palipotakiwa muda wa kungoja niliandika dakika thelathini. Nikapima vidonge, mzigo ukapita, chupuchupu.

Bi Mkemia alirudi akinukia ubani wa msibani. Alisoma daftari akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na kidole kikasimama kwenye jibu lile la chupuchupu.

"Ulingojea?"

"Nilingojea."

Aliniangalia. Kama angeshika mizani, kama angeniambia rudia, ningemwaga kwa furaha. Alikuwa amemwagisha watu kwa dakika nne. Siku ile alichukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu, na lori likaondoka.

Jioni nilikimwaga kilichobaki kwenye kichupa, nikaandika kimekwisha, nikafungua kipya. Hilo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. La kwanza nilisukumwa. Hili nilikuwa peke yangu na nafasi ya kufikiri.

Alistaafu kabla mwaka haujaisha, macho yameanza ukungu. Alinikabidhi funguo zake mbele ya watu wote, ukiwamo ufunguo wa kabati la akiba. Kila mzigo tunaoupima huacha sanduku moja kwenye kabati hilo, ili siku kukitokea swali lipimwe tena. Sanduku la siku ile lilikuwa rafu ya pili kutoka chini, mkono wa kushoto. Ningeweza kulipima wakati wowote. Nilipita mbele yake kila siku ya kazi kwa miaka miwili, na nilikuwa na sababu nzuri kila siku.

Kisha mkurugenzi akaagiza kabati lipunguzwe. Masanduku yote yaliyotimiza miaka miwili yateketezwe mwisho wa mwezi, nami nitie sahihi orodha. Vile vidonge vilikuwa bado havijapitwa na tarehe. Huenda vingine vingali kwenye zahanati. Sanduku likichomwa, hakuna mtu duniani angeweza kujua tena. Nililala vibaya siku tatu. Siku ya nne nikaenda Kuze, saa mbili asubuhi.

Binti yake alinifungulia, akanipandisha juu. Bi Mkemia alikuwa ameketi karibu na dirisha, sinia la mchele mapajani, akichambua kwa vidole kwa kuwa macho hayamtoshi tena.

"Shikamoo, Bi Mkemia."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako naijua. Umekonda au umenenepa?"

"Nimekonda."

"Haya. Una neno. Sema."

Nikamweleza yote: wakala mlangoni, ukungu, tarakimu iliyopanda, dakika thelathini, kichupa nilichokimwaga. Vidole vyake viliendelea kuchambua mpaka nilipofika kwenye "nilingojea", hapo vikasimama. Nilipomaliza nilikuwa nalia. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, hajui aingie au arudi.

"Nalikuuliza," alisema Bi Mkemia.

"Uliniuliza."

"Na sanduku la akiba?"

"Lipo. Mpaka mwisho wa mwezi, halafu linachomwa."

"Umelipima?"

"La."

"Muda wote huu ufunguo unao wewe, hukulipima?"

Alisogeza sinia, akalitua sakafuni kwa kupapasa.

"Basi hukuja kutubu," alisema. "Umekuja nikwambie usipime."

Nilitaka kubisha, nikashindwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimepanda zile ngazi nikitumaini mwanamke mzee, aliyestaafu, mwenye jina lake la kulinda mjini, ataniambia yaliyopita yamepita, mwanangu, yaache. Sahihi yake ilikuwa pale chini ya yangu. Alikuwa na kila sababu ya kuniambia hivyo.

"Nipe buibui langu," alimwambia binti yake.

"Mama, na hayo magoti?"

"Kwani magoti ndiyo yanayokwenda kupimwa?"

Tulipanda tuktuk hadi Mbaraki. Walinzi walimwamkia, akawajibu mmoja mmoja kwa kuzitambua sauti zao. Ngazi zilimchukua muda mrefu. Nilitoa standadi kwenye friji, nikaiweka kwenye mtungi, na tukaketi sisi wawili kwenye stuli kuingojea. Nilijua sasa kwa nini hakuturuhusu kufanya kingine katika nusu saa ile. Mikono yangu ilikuwa ikitafuta cha kushika, na kuizuia ndiyo kazi aliyotaka tuijue.

Nilipofungua kabati alisema nitoe na sanduku la jirani, mzigo mwingine wa parasetamoli wa mwezi ule ule, nivipime sambamba. "Usije ukanambia ni uzee wa dawa." Nikapima vyote viwili, naye ameketi nyuma yangu akiomba nimsomee kila tarakimu kwa sauti. Saa nane mchana majibu yalitoka. Sanduku la jirani lilikuwa zima kabisa. La kwetu lilikuwa chini ya mpaka unaoruhusiwa, kwa asilimia mbili na kidogo.

"Andika barua," alisema.

Niliandika kwa mkurugenzi kwamba kulitokea hitilafu katika upimaji wa mzigo ule, na kwamba vidonge vilivyobaki vikusanywe. Akataka nimsomee. Nikamsomea.

"Hitilafu haina mikono. Andika ni nani."

Niliandika upya. Niliandika kwamba nilikifungua kichupa kikiwa baridi, kwamba niliona, kwamba niliandika muda wa uongo na nikamjibu mkuu wangu uongo. Ilikuwa mistari sita na ilinichukua nusu saa nyingine. Alinyoosha mkono apewe kalamu.

"Bi Mkemia, si lazima. Kosa ni langu."

"Nalitia sahihi kwa kukuangalia uso wako, sikuangalia mizani," alisema. "Hilo nalo ni langu. Niwekee kidole hapo, palipo chini yako."

Nikamwongoza. Aliandika jina lake lote, polepole, likipanda juu kidogo upande wa mwisho. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa kwenye jina lile, na mjini kesho yake watu wangeanza kulitaja kwa sauti nyingine. Alijua hivyo kuliko mimi.

Nilimshusha hadi getini kutafuta tuktuk. Nilikuwa mwepesi ghafla, mwepesi kama mtu aliyetapika, na wepesi ule ukanifanya nifungue mdomo.

"Angalau ni kidogo, Bi Mkemia," nilimwambia. "Asilimia mbili. Huenda hakuna hata mmoja aliyedhurika."

Alikuwa ameshainua mguu kupanda. Akaurudisha chini.

"Umejua leo kuwa ni kidogo," alisema. "Miaka miwili hukujua. Na ulikuwa ukilala."

Dereva alimsaidia kuketi. Tuktuk ikaondoka kuelekea mjini, nikabaki pale uani, na kwa mara ya kwanza niliona aibu yenyewe, si ile hofu ya kukamatwa niliyokuwa nikiiita aibu. Kisha nikapanda ngazi na barua, nikabisha mlango wa mkurugenzi.